Laptopu ya kwenda nayo uwandani: nguvu, wepesi au betri? Nina nafasi ya kununua moja tu

Mpima Mipaka

Habari za humu wakuu.

Mimi ni mpima ardhi, dada yenu, huu ni mwaka wa tisa kazini. Naomba mnisaidie kuchagua laptopu, na naomba msome hadi mwisho kabla ya kunitajia jina la mashine. Nimeshatajiwa majina mengi na watu ambao hawakuniuliza naitumia kufanya nini.

Siku yangu iko hivi. Alfajiri natoka na begi lenye kipokezi cha setilaiti, droni na betri zake, laptopu na chaja. Ninakokwenda hakuna soketi. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana laptopu inafunguliwa na kufungwa mara nyingi: naingiza vipimo vya nukta, naangalia kama picha za droni zimefunika eneo lote kabla hatujaondoka, nawaonyesha wenye viwanja mpaka wao unapopita juu ya picha. Hizo zote ni kazi nyepesi. Usiku nikifika penye umeme ndipo nzito inapoanza. Nachukua picha 500 hadi 700, kila moja megapikseli 20, naziunganisha kwenye programu ya Metashape ziwe picha-ramani moja na wingu la nukta. Hapo mashine inavuma hadi asubuhi.

Sasa sababu ya kuja kwenu. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kati ya majirani wawili wanaogombania ukanda wa hatua tatu. Nimefungua picha iliyopigwa kutoka juu, nimeweka mstari wa mpaka wa zamani, bikoni mbili (nguzo za alama ya mpaka) zinaonekana vizuri kabisa. Mzee mmoja kati yao akainama asogeze macho karibu aone. Kioo kikazimika. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi! Mashine niliichomoa kwenye umeme saa kumi na mbili ikiwa imejaa, na muda niliokuwa nimeitumia ukijumlishwa haukuzidi saa mbili. Yule mzee aliniangalia kama mtu aliyefichwa kitu, na sikuwa na la kumwambia. Tumepanga kurudi. Sitaki tena kumfanyia mtu jambo la namna ile, maana ardhi ni kitu ambacho watu wanauana kwa ajili yake.

Laptopu niliyonayo ni ya aina ya kuchezea gemu, inchi 15.6, kilo 2.4 bila chaja, umri wake miaka minne. Kampuni siitaji. Bega langu la kulia linaijua vizuri.

Ninazozifikiria ni nne. ThinkPad X1 Carbon Gen 12, kilo 1.09, betri ya Wh 57, haina kadi ya michoro ya peke yake. ASUS Zephyrus G14 ya 2024, kilo 1.5, betri ya Wh 73, ina kadi ya michoro ya RTX 4060. Legion 5 Pro, kama kilo 2.5, Wh 80, na hii ndiyo yenye misuli kuliko zote. Halafu MacBook Air ya inchi 15 yenye prosesa ya M3, kilo 1.51, Wh 66.5, ambayo kila mtu anaisifia betri.

Swali langu: katika nguvu, wepesi na betri, kipi nikubali kukipunguza? Na je, kuna njia ya kupima mahitaji yangu mwenyewe kabla sijatoa hela, badala ya kuamini saa zilizoandikwa kwenye boksi?

Nawasilisha.

Kodi Usiku

Dada, chukua MacBook Air ufunge mjadala. Ninayo ile ya M1 ya 2020, naandika programu kutwa nzima na chaja naiacha nyumbani. Haina feni, haichemki mapajani. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalisemi: ukiichomoa kwenye umeme nguvu yake haishuki. Zile za gemu ukichomoa tu zinalegea.

Mpima Mipaka

Asante ndugu yangu. Hilo la nguvu kutoshuka limenivutia sana. Shida yangu ni programu. QGIS, programu yangu ya kuangalia na kuchora ramani, na Metashape zipo kwa Mac, sawa. Lakini wateja wangu wawili wakubwa wanataka mafaili ya ArcGIS Pro, programu nyingine ya ramani, na hiyo ni ya Windows tu. Pia ile mashine yangu ya kupimia pembe na umbali inatoa data kwa kebo ya zamani, na programu yake inataka draiva ya Windows, yaani kile kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Nikiweka Windows ndani ya Mac itakubali?

Ramani na Ndege

Hapo kwenye draiva simama kabisa, usiende mbele. Windows utakayoiweka ndani ya Mac za M ni ile ya prosesa za ARM. Programu za kawaida inaweza kuziendesha kwa kuzitafsiri, lakini draiva haitafsiriki. Ni lazima iwe imetengenezwa kwa ajili ya ARM tangu mwanzo. Kebo za zamani za vifaa vya upimaji ndiyo mahali hasa watu wanapokwama.

Tahadhari hiyo hiyo ichukue kwa laptopu za Snapdragon X zilizoanza kutoka Juni 2024. Betri zinadumu kweli, nami nimezipenda, ila kwa mtu mwenye kifaa cha kuchomeka chenye draiva ya zamani ni kubahatisha. Ukitaka betri nzuri na Windows ya kawaida, tazama zenye Intel Core Ultra za mfululizo wa 200V, zilitoka Septemba 2024. Prosesa hizo zina RAM ndani yake, na mwisho ni GB 32, huwezi kuongeza.

Nitarudi baadaye, kwa sababu mojawapo ya hizo nne zako ninayo.

Fundi Solda

Dada, umeuliza swali zuri kuliko wengi wanaoniletea mashine mezani. Wengi wanauliza "ipi inakaa na chaji?" Wewe umeuliza utapimaje. Nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Betri ni tangi. Ukubwa wa tangi ni Wh. Mashine inakunywa kwa wati. Gawanya Wh kwa wati, unapata saa. Tangi la Wh 57 kwa mashine inayokunywa wati 7 ni saa nane na kidogo. Tangi hilo hilo kwa mashine ya wati 20 halifiki saa tatu. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ina betri kubwa" muulize inakunywa kiasi gani. Nimefungua mashine zenye Wh 80 ambazo mwenye nazo analia kila siku, na zenye Wh 50 ambazo mwenye nazo hajui hata chaja ameiweka wapi. Saa zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa kwa kucheza video huku mwanga wa kioo umepunguzwa. Wewe unafanya kazi nje, juani, mwanga umepandisha hadi mwisho, na kioo ni miongoni mwa walevi wakubwa ndani ya laptopu. Saa hizo zisahau.

Sasa fanya hivi kwa mashine uliyonayo. Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport. Itakutengenezea faili, lifungue kwenye kivinjari. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY ndiyo tangi lilivyotoka kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ndiyo tangi lilivyobaki leo. Namba zake ziko kwa mWh, gawanya kwa elfu moja. Halafu weka HWiNFO, programu ya kuonyesha matumizi ya umeme, chomoa chaja, fungua kazi zako za uwandani kama unavyozifungua kule, mwanga wa kioo vile vile, na uangalie betri inatoa wati ngapi. Usiangalie dakika moja. Kaa nayo nusu saa. Niletee namba tatu hizo.

Wakati unapima, nikueleze majina yanavyopoteza watu.

Kwenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 12 na cha 13, herufi ya mwisho inasema mengi kuliko ile namba ndefu. U ilitengenezwa kwa wati 15 za msingi, H kwa 45, HX kwa 55. Hizo ni za msingi tu, ikikimbia inapanda zaidi. Mtu ananunua HX halafu anashangaa feni inapiga kelele wakati anaandika barua.

Kadi za michoro ndiyo zaidi. RTX 4060 ya laptopu si kitu kimoja. NVIDIA inamruhusu mtengenezaji aipe kuanzia wati 35 hadi 115. Laptopu mbili zenye stika ile ile zinaweza kupishana sana, moja inamaliza kazi wewe unapiga mswaki, nyingine inamaliza umeshalala. Usinunue bila kujua wati alizopewa huyo mnyama. Kampuni nyingi zinaziandika kwenye maelezo marefu ya kiufundi, chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Kisha hili la kutumia kazi nzito kwenye betri. Kadi ikivuta wati 60 na prosesa 30, tangi la Wh 73 linaisha kabla ya saa moja, na betri yenyewe haiwezi kutoa wati zote ambazo chaja inatoa, ndiyo maana mashine inajipunguza nguvu. Hakuna laptopu ya Windows yenye kadi kubwa itakayokuunganishia picha 700 chini ya mti. Ila nimesoma siku yako mara mbili, na wewe hilo hulihitaji! Kazi yako nzito iko kwenye soketi, usiku. Kazi yako ya betri ni nyepesi. Una mashine mbili ndani ya mahitaji yako, moja ya mchana na moja ya usiku, na unachotafuta ni laptopu inayoweza kuwa zote mbili bila ile ya usiku kunywa tangi la ile ya mchana.

Mzee wa Betri Mbili

Binti yangu, mimi nina ThinkPad T480 ya 2018. Ndani ina betri ya Wh 24, nyuma ina nyingine ya kuchomoa, unaweza kuweka ya Wh 72. Ile ya nyuma ikiisha naitoa naweka nyingine bila kuzima mashine, ile ya ndani inashikilia. Nikienda shambani na mbili za akiba sina wasiwasi wa kitu chochote. RAM unaongeza mwenyewe kwa bisibisi moja. Na prosesa yake ya kizazi cha nane ndiyo mwanzo wa zile ambazo Windows 11 inazikubali, kwa hiyo hujaachwa nyuma.

Kazi yako ya usiku haitaiweza, sikudanganyi. Lakini kama una kompyuta ya mezani nyumbani, hii ndiyo ya kubeba. Angalizo moja: betri za kubandika majina zinauzwa kila mahali, nyingine hazifiki hata nusu ya kilichoandikwa. Ukinunua ipime siku hiyo hiyo kwa ile amri aliyokupa Fundi.

Mpima Mipaka

Shikamoo mzee. Wazo la kubadilisha betri bila kuzima limenigusa, natamani mashine mpya zingekuwa hivyo. Ya mezani sina, na wiki nyingine nalala hukohuko ninakopima, kwa hiyo lazima iwe moja ifanye zote. Naendelea kupima, Fundi, kesho naleta namba.

Ramani na Ndege

Nimerudi. Ninayo G14 ya 2024 yenye 4060, natengeneza ramani za misitu, mwaka wa pili huu. Nitasema mazuri na mabaya.

Mazuri. Kilo 1.5 begani ni kitu kingine kabisa ukitoka kwenye 2.4. Kadi yake ya michoro inapewa hadi wati 90, kwa umbo lile ni nyingi. Ina hali wanayoiita Eco: ukiiwasha, kadi kubwa inakatwa kabisa, haijui kama ipo, na mashine inabaki na michoro ya ndani ya prosesa. Katika hali hiyo, QGIS ikiwa wazi na mwanga wa kioo umepanda robo tatu, yangu inakunywa wati 9 hadi 11. Usiku nachomeka, nazima Eco, kadi inaamka. Inapokea chaji ya USB-C hadi wati 100, kwa hiyo lile tofali lake la wati 180 nalibeba siku za kulala nje tu.

Mabaya. RAM imetiwa solda. Ukinunua ya GB 16 utabaki nayo hadi mwisho wa maisha yake. Kwa picha 700, GB 16 ni mateso, mashine inaanza kukopa nafasi kwenye diski na saa zinaongezeka. Chukua 32 au usichukue. Kioo ni OLED, rangi nzuri sana ndani ya nyumba, lakini kinang'aa kama maji. Juani unajiona uso wako kuliko ramani. X1 Carbon inakuja na kioo kisichong'aa cha niti 400 (kipimo cha mwanga wa kioo), na hapo inaishinda ya kwangu bila ubishi. Mimi nafanyia kazi ndani ya gari, mlango wazi, kivuli.

Na OLED inakunywa zaidi ikionyesha nyeupe. Kwenye QGIS ipo sura ya giza inaitwa Night Mapping, niliiweka na sijairudisha. Ukurasa mweupe mtupu ndio wa kuogopa.

Kitu kingine. 4070 ya laptopu na 4060 zote zina GB 8 za kumbukumbu ya michoro. Katika umbo hili dogo zote mbili zinapewa wati zile zile. Hela ya kupanda kwenda 4070 ipeleke kwenye RAM.

Fundi Solda

Ramani, umesema kweli tupu hapo kwenye RAM. Nimerudisha watu wengi mlangoni kwa sababu hiyo, wananiletea mashine nzuri ya GB 8 wakitaka niongeze, nafungua, hakuna hata kitundu cha kuchomeka.

Mpima Mipaka

Wakuu nimepima. Jamani.

DESIGN CAPACITY: Wh 58. FULL CHARGE CAPACITY: Wh 37. Kwa hiyo theluthi nzima na zaidi ya tangi langu imekwenda, kwa miaka minne. Hilo nililitarajia kidogo.

Ambalo sikulitarajia ni wati. Nilikaa nusu saa, QGIS wazi, picha moja ya eneo, kipokezi kimechomekwa, mwanga umepanda. Wati 22. Natembeza ramani tu, sichakati chochote! Nikagawanya: 37 kwa 22 ni saa moja na dakika arobaini. Ndiyo saa nne na nusu ile ile iliyonizimikia mbele ya yule mzee. Na hata siku ilipotoka kiwandani, 58 kwa 22, isingefika saa tatu. Kumbe miaka yote minne nimekuwa nikilaumu betri.

Nikaangalia ile HWiNFO vizuri, kadi ya michoro ilikuwa macho muda wote. Nikakumbuka, mwaka ule wa kwanza kijana mmoja aliniwekea kwenye mipangilio ya Windows kwamba programu zangu zote za ramani zitumie kadi kubwa, "ili ziwe na kasi". Nikaingia kwenye Settings, sehemu ya Display, halafu Graphics, nikairudisha QGIS kwenye ile ya kuokoa umeme. Nikafunga kila kitu nikafungua upya. Wati 11.

Nusu. Ramani inatembea vile vile, sikuona tofauti yoyote kwa macho.

Nilikaa nikiitazama ile namba. Nimebeba kilo zote hizi na kuaibika mbele za watu kwa sababu ya alama moja ya tiki.

Sasa Fundi, nisaidie hesabu ya mashine mpya. Siku yangu ndefu kabisa kioo kinakuwa wazi kama saa sita.

Fundi Solda

Dada, hongera. Umefanya kazi ambayo ningekutoza kuifanya.

Hesabu yako ni hii. Saa sita kwa wati 10 ni Wh 60. Legion itoe kwenye orodha, si kwa sababu ni mbaya, ni kwamba misuli yake ya ziada utaitumia usiku tu na kilo zake utazibeba kila siku, na chaja yake ya wati 300 peke yake ni karibu kilo.

X1 Carbon kwa wati 7 inakupa saa nane, ni nyepesi ajabu, kioo kinasomeka nje. Usiku lakini itakuangusha, Metashape inategemea kadi ya michoro kwenye kulinganisha picha na kutengeneza ramani za umbali wa kila nukta, na yeye hana ya maana. Kazi ya usiku mmoja itakuwa ya usiku na mchana wake, na mchana wewe uko shambani nayo.

G14 kwa wati 10 ni saa saba ikiwa mpya. Usipange kwa mpya. Panga kwa betri iliyobaki na asilimia 80, maana huko itafika: Wh 58, saa tano na dakika arobaini na nane. Inapungua kidogo kwa siku yako ndefu kabisa. Hapo ndipo unaongeza tangi la nje.

Power bank sasa, sikiliza vizuri. Namba za mAh zinahesabiwa kwa volti 3.7. Ya mAh 20,000 ni Wh 74, na ikipita kwenye saketi ya kupandisha volti utapoteza kiasi, chukulia kama 60 zinafika kwenye laptopu. Hiyo ni siku nzima nyingine. Hakikisha imeandikwa USB-C PD (aina ya chaji ya nguvu kubwa) ya wati 65 au zaidi, zile za simu za wati 18 laptopu itazikataa. Usivuke Wh 100, yaani kama mAh 27,000, kwa sababu juu ya hapo kwenye ndege lazima upate ruhusa ya shirika, na siku moja utasafiri.

Kwenye gari usichomeke kile kibadilishi cha kutoa umeme wa nyumbani ili uchomeke tofali la wati 180. Ile tundu ya kiberiti mara nyingi ina fyuzi ya ampea 10 au 15. Kwa volti 12 hizo ni wati 120 hadi 180, utaunguza fyuzi, na unageuza umeme mara mbili bure. Tafuta chaja ya gari yenye USB-C PD, inatosha kabisa.

Matatu ya mwisho kwa ajili ya betri. Ukiwa kwenye soketi usiku kucha, weka kikomo cha chaji kwenye asilimia 80. Uiache ijae siku ya kutoka tu. Na usiiache kwenye gari lililofungwa juani, hata dakika za kunywa maji. Joto linaua betri kuliko miaka. Na ukifunga kifuniko kuiweka begini, iambie Windows ifanye Hibernate (izime kabisa huku kazi yako imehifadhiwa) badala ya Sleep (kusinzia tu). Zile za kisasa zikiwa Sleep zinaamka zenyewe humo gizani kutafuta mtandao, unaitoa begini ni ya moto na asilimia ishirini zimeondoka. Nimeziona nyingi.

Kodi Usiku

Nimejifunza mengi hapa, nilikuwa nakimbilia kusema Mac kwa sababu kazi yangu inakubali. Hilo la Hibernate limenihusu kwenye ya ofisini, asante Fundi.

Mpima Mipaka

Nimeamua. G14, 4060, RAM GB 32, na power bank ya mAh 20,000 yenye PD wati 65. Nguvu nimepunguza kidogo, wepesi nimepata wa kutosha, na betri nimeielewa. Kwa kioo cha kung'aa nitafanya kama Ramani, ndani ya gari mlango wazi, na nimeomba fundi cherehani anishonee kibanda kidogo cha kitambaa cheusi cha kufunika pande tatu za kioo kwa siku ambazo gari haliwezi kufika.

Ya zamani siitupi. Mzee, nimeiagizia betri nyingine na nitaipima siku hiyo hiyo kama ulivyosema, iwe akiba.

Na niwaambie hili, maana ndilo lililonileta. Mpya bado haijafika, lakini leo tumerudi kwa wale majirani wawili na ile ile ya zamani, wati 11. Niliichomoa kwenye umeme saa kumi na mbili kama siku ile. Saa nne na nusu nikaifungua mbele yao, betri asilimia 61. Mzee akainama, akavaa miwani, akaniambia nisogeze kushoto, nikasogeza, akaniambia nirudi, nikarudi, akaweka kidole kwenye bikoni ya kwanza akaifuata hadi ya pili. Alichukua muda wake wote. Kisha akamwita jirani yake aje atazame naye.

Mzee wa Betri Mbili

Na ule ukanda wa hatua tatu ni wa nani?

Mpima Mipaka

Hatua mbili za mmoja, moja ya mwenzake. Wametia saini wote.